Alama ya Mama Mfuniko

Wifi yangu ana bega moja juu na moja chini. Ukimwona kwa nyuma utadhani kabeba ndoo. Bega la kulia lilianza kushuka baada ya mdogo wangu, mume wake, kufariki, na msianze kutunga nyimbo hapa, halikushushwa na huzuni. Lilishushwa na nyundo. Miaka kumi na tisa mwanamke anagonga mifuniko ya sufuria, amekaa chini, miguu kainyoosha mbele, gogo katikati ya magoti, asubuhi mpaka jioni. Hata wewe lako lingeshuka.

Watu walimwita Mama Mfuniko. Mimi nilimwita wifi, na yeye aliniita wifi. Dada sina, kwa hiyo huyo ndiye niliyekuwa naye.

Mtaa wetu ni wa sufuria. Karakana kumi na nne zimepangana pande mbili za njia ya vumbi. Vipande vya injini mbovu, fremu za madirisha, makopo, alumini chakavu yoyote inayopatikana inatupwa kwenye tanuru, inayeyuka, inamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, na ikipoa inatoka sufuria. Mgeni akipita anataka kuziba masikio na pua kwa pamoja, na mikono haimtoshi. Sisi tulikuwa tunasema tu "kule kwenye sufuria." Halafu siku moja wakaja watu wa ofisi, wakazungukazunguka, wakaandika, na kabla hawajaondoka tukaambiwa kwamba sisi ni kongano. Kongano la viwanda vidogo, yaani kundi la karakana zinazofanya kazi moja. Lo! Kaka yangu mkubwa akavimba kichwa siku hiyohiyo. Akachaguliwa mwenyekiti, maana ndiye mwenye karakana kubwa na ndiye mwenye koti. Mimi nikafanywa katibu, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na nilikuwa nashinda pale karakanani kwake nikipokea wateja.

Sasa niwaambie siri ambayo mafundi wetu wangekubali kuzikwa nayo. Hakuna sufuria hata moja ya kwetu iliyo duara. Si moja. Kalibu kila mtu anajichongea, mchanga unateleza, mmiminaji anakohoa, basi sufuria inatoka imebonyea kidogo huku, imetoka tumbo kidogo kule. Kwa macho huoni. Ila ukiiwekea mfuniko wa duara utauona unacheza, na maji yakichemka utausikia unapiga kelele mpaka uuzime moto kwa hasira.

Hapo ndipo anapoingia wifi. Alikuwa anachukua sufuria, anaipaka masizi ukingoni kwa kidole, anaweka mfuniko juu, anauzungusha mara moja, anauinua, anautazama kwa chini. Masizi yaliposhika ndipo palipozidi. Anagonga hapo kwa nyundo ya mti, polepole, ko, ko, ko. Anafuta, anapaka tena, anaweka tena. Mara nne, mara tano, mpaka masizi yazunguke mfuniko mzima sawasawa. Kwa hiyo kila mfuniko ulikuwa na sufuria yake moja, na kwenye sufuria hiyo ulikuwa na mkao wake mmoja. Ili mpishi asihangaike, akimaliza alikuwa anakwaruza kijistari kwenye sufuria, chini kidogo ya sikio, na kijistari kingine kwenye mfuniko. Unakutanisha mistari miwili, mfuniko unatulia tuli. Kila mwanamke aliyenunua sufuria ya kwetu alilijua hilo. Mafundi wenyewe hawakulijua, kwa sababu kwao hawapiki, na huku kazini hawaulizi. Walidhani ni mapambo ya wanawake.

Karakana zote kumi na nne zilikuwa zinampelekea. Kimyakimya, lakini. Hakuna aliyetaka jirani ajue kuwa sufuria zake hazifunikiki mpaka zigongwe. Basi mmoja alileta asubuhi kabla wengine hawajafungua, mwingine wakati wa chakula, mwingine alifunga mzigo kwenye gunia kama mtu anayehamisha maiti. Na wote walikutana pale kwake, kila mtu na gunia lake, wanasalimiana huku wameangalia pembeni. Wifi alikuwa anacheka mpaka machozi. "Wifi," aliniambia, "hawa wanaume wana aibu kuliko bibi harusi."

Mahali pake palikuwa kipande cha turubai lililochanika, kando ya mtaro. Mvua ikinyesha, maji yalimpitia chini. Jua likiwaka, lilimkuta. Kila nikimpelekea kikombe cha chai nilimkuta anajisugua bega kwa mkono wa kushoto, macho kayafumba.

"Umechoka?" nilimuuliza siku moja.

"Kuchoka nilichoka zamani, wifi. Sasa hivi naendelea tu."

Ndipo ikaja habari ya tuzo. Ofisi ya mkoa ilitangaza kwamba inatafuta kongano na karakana zenye ubora wa kutukuka, na kwamba zitakazotambuliwa zitapewa mabanda mapya yaliyokwisha kujengwa ng'ambo ya barabara: paa la bati, sakafu ya saruji, umeme, choo, maji ya bomba. Vibanda vyetu vya zamani vingevunjwa. Nafasi bandani ingetolewa kwa jina. Jina lako likiwa kwenye fomu ya tuzo, una meza yako. Halipo, huna.

Wifi aliposikia akaacha kugonga. "Meza?" akauliza. "Ya kusimama?"

"Ya kusimama, na kiti kirefu kama unataka."

"Mimi wanipe hiyo meza tu. Tuzo wachukue wenyewe, waitundike wanapopajua. Nikifanya kazi nimesimama, daktari alisema, hili bega linaweza kukaa miaka mingine kumi." Akaichukua tena nyundo. "Ukiandika hizo fomu, wifi, niandike."

Nikamwambia hilo nalo la kuniambia?

Fomu zilikuwa kumi na nne, moja kwa kila karakana, kurasa sita sita. Wenye karakana hawataki kuandika, mkono unawatoka jasho, basi wakapanga foleni mbele ya meza yangu alasiri mbili mfululizo, wanasema, mimi naandika. Swali la tisa liliuliza: taja watu wote wanaoshughulikia bidhaa hii mpaka inapokamilika. Wa kwanza alikuwa fundi tunayemwita Tanuru, kwa sababu ya sauti yake. Akataja mchanganya mchanga, akataja mmiminaji, akamtaja mpaka kijana wa kupiga msasa.

"Na wifi yangu?" nikauliza.

Tanuru akainama mpaka mezani, akajaribu kunong'ona, kitu ambacho hajawahi kukiweza. "Wee! Ukimwandika kwangu si watajua sufuria zangu zina kasoro? Watauliza anafanya nini. Tutawaambia nini? Mwandike kwa mwingine. Si anawafanyia wote?"

Nikaona ana hoja. Wa pili akasema hivyohivyo, kwa maneno machache. Wa tatu akacheka: "Mama Mfuniko? Huyo atakuwa ameshaandikwa na hao walionitangulia." Baada ya wa nne sikuuliza tena. Nilikuwa nimechoka, kidole kimeota sugu, na kila mmoja ananisimulia maisha yake yote tangu kuzaliwa kabla hajajibu swali la kwanza. Nikajisemea moyoni kwamba kaka bado. Kaka ni shemeji yake, kaka atamwandika.

Kaka akaja wa mwisho, na koti lake.

"Shemeji yako sijamwandika popote," nikamwambia.

"Huyo ni wa nyumbani. Wa nyumbani hahitaji fomu. Nitazungumza mwenyewe na wakubwa."

"Fomu inasema majina."

"Mimi ni mwenyekiti au si mwenyekiti?"

Nikaacha. Na hapa niseme na hili, maana nikilificha sitakuwa nimesema kitu: kwenye fomu hiyohiyo ya kaka, swali la tisa, mstari wa mwisho, niliandika jina langu mimi. Katibu. Hakunituma mtu. Nilikuwa na nafasi ya mstari mmoja na kalamu mkononi, nikajaza.

Siku ya pili yake wifi akaniuliza, akiwa amebana midomoni msumari wake wa kukwaruzia: "Umeniandika?"

"Umo," nikasema.

Ningeweza kurudi nikaandika. Fomu zilikaa kwenye droo yangu siku tatu zaidi kabla ya kuchukuliwa. Nilikuwa naifungua ile droo, naziona, naifunga. Nilikuwa nangoja kaka azungumze na wakubwa, na nilimwamini, au nilijilazimisha kumwamini, kwa sababu kumfuata Tanuru na wenzake upya mmoja mmoja kulinichosha kabla sijaanza.

Wiki ile kabla ya majaji kuja, wifi hakuinua kichwa. Karakana kumi na nne zilimletea kila iliyokuwa nayo. Waliacha hata aibu. Magunia yalijipanga mpaka mtaroni. Alikuwa anafika kabla ya watu na kuondoka baada ya watu. Nilimpikia, nikamsugua bega kwa dawa, nikamsimulia umbea wa mtaa asisinzie. Nilimfanyia kila kitu isipokuwa kile kimoja. Alipomaliza mfuniko wa mwisho aliniomba nimshike mkono anyanyuke, na tulipokuwa wima alibaki ameniegemea kwa muda, mzito, anahema.

Majaji walikuja watatu. Wawili walikuwa wa kutikisa vichwa. Wa tatu ndiye aliyekuwa na kazi, mama mmoja mhandisi, mfupi, miwani imeshuka puani, mkoba umejaa vipimo. Palitandikwa viti, pakawekwa meko kumi na nne kwenye mstari mmoja, sufuria moja ya kila karakana juu ya moto, maji ndani, mfuniko juu. Kwanza hotuba. Kaka alihutubia mpaka maji yakachemka bila mtu kuyaangalia. Jua lilikuwa la utosini. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vinavyobana, nimesimama tangu asubuhi na jalada la fomu kifuani, na ninachokumbuka zaidi ya hotuba ni visigino vyangu.

Mhandisi hakungoja makofi. Aliinuka, akapita kwenye mstari wa meko, akainama kwenye kila sufuria. Maji yalikuwa yanatokota kwelikweli, na hakuna mfuniko uliopiga kelele. Kumi na nne, kimya. Akarudi mwanzo, akapita tena. Akachukua kitambaa, akainua mfuniko wa kwanza, akaugeuza, akaweka. Ukacheza. Akauzungusha kidogo kidogo mpaka ukatulia. Akainama akatazama chini ya sikio la sufuria. Akaenda ya pili, akatazama palepale. Ya tatu. Nikaona ametoa kioo cha kukuzia.

"Hii alama," akasema, "ipo kwenye sufuria zote. Karakana kumi na nne, mkono mmoja. Nani anaweka hii alama?"

Jamani! Tanuru, mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu amjue mama yake, alikuwa anaangalia vidole vya miguu. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aseme, na kila mmoja alikuwa anaogopa mwenzake akisema itajulikana sufuria zake zilipitia wapi. Wifi alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ukuta. Alikuwa amevaa gauni lake la heshima na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, ila vidole vilikuwa bado na masizi, maana yale hayatoki kwa sabuni. Sikumwona ameogopa. Nilimwona anatabasamu kidogo, anangoja aitwe.

Kaka akakohoa. "Hiyo, mheshimiwa, ni alama ya kongano letu. Ni kiwango chetu cha pamoja. Tumekubaliana kwamba sufuria isiyofikia kiwango haipati alama."

Mhandisi akavua miwani. Nadhani hakuamini sana. Akatazama huku na huku, akaniona mimi na jalada langu. "Wewe ndiye katibu? Ni kweli?"

Watu wote wakanigeukia. Kaka alinikazia macho. Wifi naye aliniangalia, na lile tabasamu bado lilikuwapo usoni, kwa sababu niliyeulizwa nilikuwa mimi, na mimi ni mtu wake.

"Ndiyo," nikasema. "Ni ya kongano."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nimejaribu kusema nilimwogopa kaka. Nimejaribu kusema nililinda watu sitini na kitu na nafasi zao. Ukweli ni kwamba kama ningemtaja, mhandisi angefungua jalada atafute jina, asingelikuta, angeuliza nani aliyeandika fomu, na mwandiko ulikuwa wangu kwenye zote kumi na nne. Na nilitaka watu waondoke nikavue viatu. Ndiyo hivyo, hakuna kikubwa zaidi.

Tukapata tuzo. Haikupewa karakana yoyote peke yake, ilipewa kongano zima, kwa "kujiwekea kiwango cha pamoja cha ubora kinachopaswa kuigwa." Palipigwa makofi, vigelegele, picha. Kaka aliishika ngao ya tuzo juu mpaka mikono ikamtetemeka. Nilipomtafuta wifi kule ukutani alikuwa ameshaondoka.

Orodha ya majina ilibandikwa kwenye mlango wa banda jipya wiki iliyofuata. Majina sitini na matatu. Nilimwona anakuja nikajificha nyuma ya dirisha la karakana ya kaka. Alisoma kwa kidole, toka juu mpaka chini. Akarudi juu, akasoma tena, polepole zaidi, mtu anavyotafuta kitu kidogo kilichomdondoka. Kidole kikasimama mahali, karibu na chini. Mahali pale palikuwa na jina langu. Hakugeuka kutafuta mtu wa kumuuliza. Alikwenda kwenye turubai lake, akalikunja, akafunga nyundo zake kwenye kanga, akabingirisha gogo mpaka barabarani, na mwendesha mkokoteni mmoja akampakilia. Siku mbili baadaye likaja tingatinga kuvunja vibanda.

Zawadi iliyoandamana na ngao ilikuwa mashine ya kukata mifuniko. Mashine nzuri, ya kijani, inakoroma kama mtoto aliyeshiba. Unaweka bati, unakanyaga, unatoka mfuniko wa duara kabisa, huna la kuusema. Kaka akachongesha na muhuri wa ule mstari wa wifi, maana sasa ilikuwa alama yetu ya ubora, watu wa ofisi walikuwa wameichora mpaka kwenye vipeperushi. Kijana mmoja akapewa kazi ya kuugonga. Akawa anaugonga popote mkono unapofika, kwenye sufuria huku, kwenye mfuniko kule, mistari miwili isiyojuana.

Nikamwambia kaka: "Ile alama ina kazi. Inaonyesha mkao."

"Alama ni alama," akasema. "Wewe andika mihtasari."

Basi tukawa na mifuniko ya duara safi juu ya sufuria zisizo duara, na alama inayomdanganya mpishi wapi pa kuigeuzia. Haukupita mwezi wa pili. Wauzaji wakaanza kurudisha. Wanawake walikuwa wanakuja mpaka banda namba moja, sufuria mkononi, wanaikutanisha ile mistari mbele ya kaka na kumwambia ausikilize mwenyewe mfuniko wake unavyocheza. Mmoja alimwambia aje yeye mwenyewe ampikie mumewe kwa hiyo sufuria. Rafu zikajaa sufuria zilizorudi. Tanuru alijaribu kugonga mfuniko mmoja yeye mwenyewe, na ukawa sahani. Na safari hii hapakuwa na wa kumpelekea kwa siri, kwa hiyo wote kumi na wanne, kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakakaa kwenye kikao kimoja na kulitamka jina lake kwa sauti. Wakaulizana nani aliyemwandika. Ndipo wakagundua, wao kwa wao, kwamba hakuna. Kila mmoja alikuwa na hakika ni mwenzake.

Halafu wakaniangalia mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyezaa hilo jambo. Na kwa kweli ndimi.

"Nenda wewe," kaka akasema. Koti lilikuwa limemlegea. "Wewe ndiye mwanamke mwenzake. Mwambie tutamtafutia kona bandani. Mwambie hata leo."

Nikaenda mchana huo kwa miguu. Nyumba yake ni chumba na baraza kwenye safu ya vyumba sita, na barazani ndipo alipoweka gogo. Alikuwa amekaa chini vilevile, miguu mbele, bega lilelile. Pembeni palikuwa na sufuria tatu kuukuu za majirani, nyeusi kwa moshi. Alikuwa anapaka masizi ukingoni mwa ya nne.

"Hodi," nikasema.

"Karibu."

Hakusema karibu wifi. Nilikaa kwenye kizingiti, nikaanza kueleza ya kaka: kona, banda, leo hata kesho. Akaweka mfuniko, akauzungusha, akauinua, akautazama. Ko, ko. Nilipomaliza habari za kona nikaona bado nimebaki na kitu changu mwenyewe, na nimechoka kukibeba kuliko nilivyochoka na kitu chochote mwaka ule.

"Wifi, si wao tu. Fomu zote nilijaza mimi. Uliniuliza nikakwambia umo. Hukuwemo hata kwenye moja. Nilijiandika mimi."

Aliendelea kugonga mpaka akamaliza upande ule.

"Najua," akasema. "Nilisoma orodha. Nilikuwa nangoja uje uniambie, nikawa nangoja, nikangoja. Wiki ya kwanza nilikuwa nakutetea. Nilisema, wifi yangu ataeleza, hawezi kukaa kimya." Akafuta masizi kwa kitambaa. "Umekuja baada ya sufuria kurudi."

Nilisema naomba unisamehe, na maneno yenyewe yalitoka membamba, hata mimi sikuyasikia vizuri.

Akachukua msumari, akakwaruza mstari chini ya sikio la sufuria ya jirani, akakwaruza mwingine kwenye mfuniko, akaikutanisha, akaiweka kando. Ndipo akaniangalia. Hakuwa na hasira. Ningeipenda hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliye kazini.

"Umekuja na sufuria?"

"Hapana."

"Basi mpishe mteja aliye nyuma yako."

Nikanyanyuka kwenye kizingiti, nikageuka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikapisha hivyohivyo.